Mluzi wa Gari la Baba

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini u mzima, na huko kwenye magari yako ya mashindano hujaunguza vidole. Mimi mwili hauna neno, ila moyo haujatulia hata kidogo, kwa hiyo nisamehe mwandiko huu unaopanda na kushuka. Naandika nikiwa saluni, mteja yuko chini ya drai, na kila gari likipanda kilima nainuka kwenda mlangoni kusikiliza.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu huna masikio, ndugu yangu. Mtu hajamaliza kusema, wewe umeshamjibu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kuna sababu nyingine, nitaifikia.

Unakumbuka ulivyosema Baba amezeeka, nimnyang'anye ufunguo wa gari kabla hajaua mtu? Shangazi alikuunga mkono. Na kweli mambo yalitisha. Baba huyu fundi cherehani, asiyewahi kukosea pindo, alianza kurudi kutoka kupeleka nguo za wateja kichwa kikimgonga, anajitupa kwenye kochi na viatu vyake, ananiita kwa jina la marehemu Mama. Mara akamshonea mtu suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Alicheka pamoja na mwenye suruali, lakini baadaye nilimkuta amekaa peke yake na ile suruali mapajani. Akaniuliza kama watu wanaoanza kupotea akili huwa wanajua.

Basi nikauchukua ufunguo kama mlivyoamuru. Alinikabidhi, na afadhali angegomba. Nikaanza kuliendesha mimi. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha, vioo nimefunga, na gari linatambaa kilimani kama limebeba nyumba. Ule mluzi wa supachaja, ile mashine ya kuisukumia injini hewa, ulikuwepo, lakini nguvu hazikuwepo. Nilipofika juu kichwa kilikuwa kinanigonga, macho mazito, na kona ya kwetu, niliyokulia, nikaipita. Nilisimama pembeni, nikashuka, nikalowa pale. Mimi sijazeeka, mdogo wangu.

Nililipeleka kwa fundi wa mabomba ya moshi, mama mmoja mkavu asiyecheka na mtu. Alichomoa sensa kwenye bomba, akafunga geji ya kupima msukumo wa moshi mahali pake, akaniambia nikanyage mafuta. Mshale ukapanda, ukagoma kushuka. Akasema moshi hauna pa kutokea. Ndani ya bomba kuna katalitiki, lile sega la kusafisha moshi. Petroli ilikuwa inaingia nyingi kuliko injini inavyoweza kuichoma, inayobaki inakwenda kuwaka humo kwenye sega, mpaka sega limeyeyuka na kuziba. Supachaja nayo inaendelea kushindilia hewa tu. Moshi ulipokosa njia ya nyuma ukapasua gasketi ya kuzibia maungio huku mbele, ukawa unaingia alipokaa Baba. Ndani ya moshi huo kuna hewa ya sumu isiyoonekana, inayomlaza mtu moja kwa moja. Nikamuuliza kosa ni la nani. Akanijibu kwamba aliyefunga supachaja hakurekebisha kipimo cha petroli.

Nilikukasirikia, sitakuficha. Nilikukasirikia njia nzima. Halafu nikakumbuka siku uliyoifunga supachaja hiyo, baada ya kumwona Baba ameweka jiwe nyuma ya gurudumu pale kilimani, jasho linamtoka. Nikakumbuka alivyopanda kwa kasi akipiga mluzi pamoja na gari, majirani wakatoka nje kutazama. Hujarudi nyumbani tangu siku ile.

Fundi alishauri supachaja itolewe, tuweke katalitiki na gasketi mpya, tupumue. Nilimweleza Baba yote, nikidhani atafurahi kusikia kwamba akili zake hazina ubovu. Alifurahi, machozi yakamtoka. Kisha akaniomba ufunguo na kusema hakuna wa kuigusa supachaja ya mwanawe. Akakiri kwamba harufu ya moshi aliisikia tangu zamani, na fundi mmoja alishawahi kumwambia mashine hiyo itoke, ndiyo maana hakukanyaga tena gereji. Eti atakuwa anafungua vioo, basi. Nikamwambia ataua mtu, au atakufa yeye. Alikunja mita yake ya kupimia, taratibu, ndipo akasema:

"Kila akipiga simu anauliza gari. Tunaongea, tunacheka. Kikitolewa hicho kitu, mimi na yeye tutazungumza nini?"

Wewe una jibu?

Nimetoka tena mlangoni. Lilikuwa lori.

Sasa ile sababu nyingine. Tikisa bahasha, kitadondoka kitu kidogo cha plastiki. Ni fyuzi ya pampu ya mafuta. Ufunguo nilimrudishia, lakini hii nimeichomoa mimi, yule mama fundi alinionyesha ilipo. Baba hajui. Kila asubuhi anazungusha ufunguo, injini inahangaika bila kuwaka, na mimi nasimama hapo namwambia sijui lina nini. Sijawahi kumdanganya Baba namna hii na sipendi ninavyojisikia. Tangu aache kuliendesha, kichwa kimemtulia, anashona kama zamani, jana amenikosoa hesabu zangu za kitambaa. Ndiyo hofu yangu: akili zimemrudia zote, na hatachukua muda kugundua, au atamwita fundi wa njiani aliwashe.

Kwa hiyo usimpe mtu mwingine fyuzi hii ailete. Ilete wewe. Njoo na katalitiki nyingine, uifungue mashine yako kwa mkono wako, Baba akushikie spana. Ukiirudisha kwa kipimo sahihi au ukiitoa kabisa, mtajua wenyewe, mkiwa mmekaa pamoja.

Shangazi anakusalimu, na bado anasema Baba amezeeka. Mteja wangu naye anakusalimu, maana nimemsahau chini ya drai na nywele zimekauka kupita kiasi.

Na ukishuka hapo mlangoni, usiulize gari. Muulize amelalaje.

Mimi dada yako,
niliyesimama mlangoni.