Buibui Aliyevishwa Hirizi

Raya, mkaza mwana wangu, najua unanisoma humu mtandaoni kimyakimya, basi leo soma vizuri: mwanamke mzima hafungi mzigo akakimbia mdudu wa ukutani. Tena na kitoto kichanga kifuani! Haya huna?

Leo Ijumaa. Mvua imekatika tangu alfajiri, Gando yote hapa Pemba inanuka majani mabichi, na watu wameanika tena karafuu zao. Moyo wangu mwepesi, alhamdulillahi. Jana haukuwa hivi.

(Kisomo changu ni cha watu wazima, kile cha baada ya Mapinduzi, na simu naibonyeza kwa kidole kimoja. Anayeona makosa ayameze.)

Mambo yalianza Jumanne. Jirani yangu Bi Mize alikuja kumtazama mzazi, na bakuli la uji wa pilipili manga mkononi. Akampakata mtoto, akamwombea dua, akaenda zake. Hata uji haujapoa, Raya anapiga ukelele. Naingia, naona ukutani, pale pale alipoegemea Bi Mize, buibui mpana kama kiganja changu.

Buibui nawajua, nimezeeka nao jikoni na chooni. Lakini huyu kakumbatia kitu tumboni: cheupe, cha duara, bapa, kama kitambaa kilichoshonwa.

"Mama, kavishwa hirizi huyu! Katumwa! Na aliyemleta si ndiye katoka hapa sasa hivi?"

Uji Raya akawamwagia kuku.

Na mimi na mvi zangu sikumkataza.

Nakiri, niliogopa, hata kumfukuza hatukuthubutu, akakaa pale pale ukutani siku mbili. Watu wakisema Pemba kuna mambo, mimi huwatukana. Lakini jambo likiingia chumbani mwako mwenyewe, ulimi unakuwa mzito. Jana Bi Mize kanisalimu bombani, nikamjibu kwa pua. Mwanamke aliyenipikia eda yangu yote! Akabaki kunitazama, ndoo mkononi.

Nikarudi nyumbani, namkuta Raya keshafunga mzigo. Anakwenda kwao Kiuyu, arobaini yenyewe hajaimaliza. Na akifika huko ataulizwa kwa nini, naye atasema. Maneno yale yangemfikia Bi Mize hata jua halijatua, na ujirani wetu ungekwisha hapo.

"Kaa hapo!" nikamwambia. "Nimtazame kwanza huyo mjumbe wako."

Nikasoma Ayatul Kursi, nikavaa miwani, nikavuta kigoda mpaka ukutani. Kofia nimeshona tangu usichana wangu, basi nikatafuta mshono. Hamna. Wala fundo. Mende kampitia mbele ya mdomo, hakumgusa. Buibui gani huyo anayemwacha mende? Nikanyoosha mti wa ufagio. Hakukimbia. Alikikaza kwanza kile cheupe kifuani, ndipo akasogea.

Kushika kule nakujua. Nimeshika hivyo mara saba.

Woga ukanitoka, nikabaki na hamu ya kujua tu. Nikamwambia Raya, "Mayai hayo." Hakuamini. Akasema atangoja mumewe atoke kusali Ijumaa, ampeleke kwao.

Leo asubuhi kile cheupe kimepasuka. Vitoto vidogo kama ufuta vikamiminika ukutani, kila kimoja na miguu yake, na mama yao juu yao katulia. Raya kasimama mlangoni na mwanawe, mdomo wazi. Kisha akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Mama, kumbe mzazi mwenzangu! Arobaini yake kaja kuikaa chumbani kwangu!"

Nikacheka naye. Halafu nikaenda uani nikalia kidogo, maana tulikaribia kumpoteza mtu kwa ajili ya mayai.

Na bado najiuliza: siku zote zile alikula nini? Nani kamfundisha kufuma kifuko kile, bila sindano?

Sasa sikiliza, Raya. Mzigo fungua. Buibui asiguswe kwa ufagio wala kwa dawa ya mbu, mende wa nyumba hii wanamtosha. Wewe hutoki mpaka arobaini iishe, basi bakuli la Bi Mize naliosha mimi, natia mkate wa kumimina, nalipeleka kesho mwenyewe, na salamu yake niliyomjibu kwa pua namrudishia kwa mdomo mzima. Nitamwambia akupikie tena. Akija, mpe mtoto ampakate. Na uji atakaokuletea unywe wote, mbele yangu, mpaka nione chini ya bakuli.