Chupa ya Mawese Iliyoshinda Kesi

Papa wangu,

Hapo ulipo, lala vizuri: shamba la Mutambala limebaki letu. Juji wa tribunali ya hapa Baraka alisoma hukumu juzi. Mama, ambaye tangu kesi ianze alikuwa anaonja tu chakula, siku hiyo alikula ugali na ndagala mpaka akaomba tena.

Ungekuwepo ungenicheka. Unanijua: masomo yaliniishia kwenye mwaka wa sita wa primeri, lakini nimefika Lubumbashi, Kigoma na Bujumbura, na sheria zote wanazoeleza kwenye redio ninazo kichwani. Mama alipotaka tutafute wakili, nikamwambia, "Avoka wa nini? Si mi niko!"

Unakumbuka rafiki yako Lubunga alivyokuja kutoka Makobola na mke wake na sufuria moja? Ulimpa shamba kwa mdomo tu. Alime mihogo, avune michikichi yako, ila asipande mti wake hata mmoja, maana mwenye miti ndiye mwenye shamba. Na kila akikamua mawese, chupa ya kwanza ije kwako. Mimi ndiye nilikuwa naipokea mlangoni na kuwatambia majirani, "Munaona? Bantu bananipenda!" Wewe ukisema kutoka kwenye kiti chako, "Acha kelele. Ile chupa haikuyi kwa ajili yako. Inakuya kwa ajili ya shamba." Nilicheka. Sikusikia.

Mkaondoka duniani wote wawili, wewe kisha Lubunga, na chupa ziliendelea kuja. Halafu mtoto wake mkubwa akaanza kutafuta makaratasi ya shamba kwa jina lake mwenyewe. Ndiyo tukafika tribunali.

Kabla yetu zilipita kesi nyingine. Mwanaume mmoja alitaka kurudishiwa mbuzi za mahari baada ya kuzaa watoto wanne; juji akamkatalia. Wavuvi wawili wa Kazimia waligombania motere ya mtumbwi. Akapewa yule aliyekuwa na mashahidi. Kila hukumu niliifafanulia benchi nzima, mpaka karani akaniuliza kama nataka nikalie kiti cha juji.

Zamu yetu ikafika. Juji akaniuliza: familia ya Lubunga ilikuwa inaleta kitu kwenu kwa ajili ya shamba? Papa, mlango wa ushindi ulikuwa wazi, maana anayeleta kitu kwa ajili ya shamba anakubali si lake! Nami, kwa kuwa watu walijaa na nilikuwa nimevaa koti, nikajibu: "Banaletaka mawese, Bwana juji, lakini ile ni zawadi yangu. Bananiheshimu sana huku Baraka."

Mtoto wa Lubunga akaruka. "Karani, andika! Amesema zawadi!"

Mama akashika kichwa.

Ndipo mjane wa Lubunga, Mama Nyota, akasimama kutoka upande wa mtoto wake.

"Bwana juji, huyu anajisifu tangu iko mudogo. Nani atamupa mawese juu ya sura ile?" Watu wakacheka, hata juji. Yeye hakucheka. "Bwana yangu mbele ya kufa alinishika mukono: chupa ya kwanza iende kwa benye shamba. Mutoto wangu, mi nakupenda. Lakini shamba haiko yetu."

Juji akaenda kuliona shamba mwenyewe. Akakuta michikichi yako, mirefu, na mihogo chini yake. Mti wa Lubunga, hakuna hata mmoja. Hukumu ikafuata hapo.

Sasa ninapumua, Papa, ila ninapumua na aibu kidogo. Sheria zangu zote za redio zilikaribia kumnyang'anya Mama shamba, na aliyetuokoa ni mama wa mtu niliyemshtaki. Baada ya hukumu, Mama alimfuata Mama Nyota nje akamshika mabega: "Dada, uendelee kulima." Hiyo karani hakuiandika.

Leo asubuhi chupa imekuja. Jirani akaniita kutoka kwake, "Ee, bantu bangali banakupenda?"

Nikafungua kinywa. Nikakifunga.

"Ni ya shamba," nikamwambia. "Ni ya Papa."

Pumzika, mzee wangu. Nimekusikia, hata kama nimechelewa.

Mtoto wako wa kwanza,
avoka asiye na diploma