Doa Lililobaki Kwenye Kioo

Jumatatu, 5 Oktoba 1953. Njombe.
Nimemaliza picha za harusi ya kijijini Kifanya. Bwana harusi alikataa kutabasamu, bibi harusi alikataa kuacha. Kioo cha kupigia picha kimebaki kimoja tu. Vingine viko njiani kutoka Dar es Salaam, Mungu anajua njia gani. Hicho kimoja nimekificha. Ni cha galaksi.

Daktari wa misheni anarudi kwao Jumamosi, na darubini aliyoniazima anaondoka nayo. Ni wiki hii au basi tena.

Jumanne, 6 Oktoba.
Moshi. Watu wanachoma mashamba bonde zima. Nyota zimefifia, macho yanawasha. Nilikaa uani nimejifunika blanketi, nikamchukia kila mwenye kiberiti. Mke wangu aliniita ndani mara mbili, kisha akafunga mlango. Anasema nimeoa darubini.

Jumatano, 7 Oktoba.
Upepo umegeuka alasiri. Mbingu safi!

Usiku. Nilifunga kamera juu ya darubini kwa kamba ya katani. Saa nzima, jicho kwenye lenzi, vidole kwenye skrubu, nikiifuata nyota moja isinitoroke, maana dunia inazunguka na haimsubiri mtu. Vidole vilikufa ganzi. Daktari aliwahi kunieleza: nyota zote tunazoziona ni za kwetu, majirani. Lile wingu hafifu la kaskazini, galaksi yenyewe, liko nje kabisa, nyota nyingi mno zinazojizungusha kama maziwa yanayokorogwa kwenye chai. Nilihisi naelea. Sikujua tena kama niko juu ya Njombe au chini yake.

Nimekisafisha kioo chumba cha giza. Wingu limo! Dogo kama ukucha wa mtoto, limezungukwa na nyota tele, nukta nyeusi kama vumbi, maana kioo hugeuza nuru kuwa weusi. Nimekiweka kikauke pamoja na vioo vya harusi. Nina furaha ya kijinga.

Alhamisi, 8 Oktoba.
Nimechelewa kuamka. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa mezani karibu na dirisha na kisu chake kidogo, anapara madoa kwenye vioo vya harusi, kazi yake ya siku zote. Hakuna anayemzidi, ameondoa chunusi za nusu ya wilaya. Kioo alichoshika kilikuwa changu. Nyota zote amezipara. Moja moja, kwa subira.

Alidhani ni ukuta wa kanisa, picha ikaingia vumbi. Alikuwa ananiokolea kioo. Nilipiga kelele mpaka mtoto akalia. Nimesema maneno mabaya. Bado nina hasira.

Ijumaa, 9 Oktoba.
Hatusemezani. Ugali ameniwekea mezani, akaenda kula jikoni.

Jioni nimekuta picha kwenye beseni. Amekichapa kioo changu kwenye karatasi yeye mwenyewe. Sikutaka kutazama. Nimetazama. Weusi mtupu, na katikati lile wingu peke yake, limejikunja, mkono mmoja mwembamba ukilizunguka. Nikakaa sakafuni.

Jumamosi, 10 Oktoba. Makambako.
Upepo wa hapa unaweza kumvua mtu shati. Nimemkabidhi Daktari darubini yake kando ya lori. Nikampa na picha. Aliitazama mpaka dereva akapiga honi. Akauliza nyota za kwetu ziko wapi. Nikasema mke wangu amezifagia. Nilitegemea atacheka.

"Basi," akasema, "hivi ndivyo galaksi hii ingeonekana kwa mtu aliyekwisha kutoka nje ya nyota zetu zote."

Akaifunga ndani ya koti. Lori likaondoka.

Jumapili, 11 Oktoba. Njombe.
Ibada. Kisha sikufanya lolote.

Kabla ya kulala nimemwomba Mama Neema radhi. Ametoka nje nami. Nikamwonyesha lile wingu kwa kidole, bila darubini. Alichukua muda kuliona. Nikamuuliza kwa nini hilo hakulipara.

"Lilikuwa laini, Baba Neema," akasema. "Nilidhani ni pumzi ya mtu."

Tulisimama pale muda mrefu. Blanketi lilikuwa moja.