Mama Awasalimu Walimu wa Helsinki

Kasulu,
8 Februari 1976

Mdogo wangu Longinus,

Nakusalimu. Huku tu wazima, mvua inanyesha vizuri, na watoto wangu wa darasa la pili wananitoa jasho kama kawaida. Habari za kwenye barafu? Unakula? Unalala? Nauliza kulala kwa sababu mimi silali.

Nimepokea barua ya rambirambi. Imetoka huko huko Ufini, kwa yule nesi mzungu aliyekaa zahanati yetu ya Kibondo miaka mingi, ambaye akina mama walimpa jina la Esteria. Anasema alikuja chuoni kwako kukupa pole, akakukuta una kitambaa cheusi mkononi. Anasema profesa wako na wanafunzi wenzako walisimama kimya kumpa heshima mama yetu. Anauliza kama aliumwa sana kabla ya kufa.

Barua hiyo niliifungua nikiwa nyumbani Kibondo. Marehemu alikuwa mbele yangu, anapepeta maharage. Akaniuliza, "Ni ya Longini? Mwanangu anasemaje?" Nikajibu kwamba unasalimu. Sijawahi kumdanganya mama, nimeanza kwa ajili yako.

Longinus, mama amekufa lini? Nijibu, na usinizungushe.

Dada yako,
Valeria


Helsinki,
1 Machi 1976

Dada yangu mpenzi Valeria,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi inakata masikio. Nimeisoma barua yako nikatamani ardhi ipasuke.

Dada, ulimi uliniponza. Mwezi wa kumi na mbili nilitakiwa kukabidhi kazi ya kulinganisha sauti za lugha za Kiurali, nami nilikuwa sijafika hata nusu. Si mchezo kazi hii. Kifini, Kiestonia na Kihungaria ni ndugu wa mbali, na kila mmoja ameondoka na lake katika urithi. Katika Kifini, irabu za mbele na za nyuma haziingii neno moja, zinaepukana kama mtu na mkwewe. Kihungaria kimeishika desturi hiyo. Kiestonia kimeiacha, lakini chenyewe kina urefu wa aina tatu: fupi, ndefu, na ndefu zaidi. Ilibidi nipime kila sauti kwa mashine. Siku ya kukabidhi ikafika, profesa akauliza kuna nini, mdomo ukasema, "Mama amefariki." Akalia, dada. Mzee wa watu akalia. Ningeanzia wapi kumwambia vingine?

Ni maneno tu. Hayajamdhuru mama hata unywele. Nitayasafisha, ila nipe muda.

Nina ombi pia. Profesa anataka nilinganishe urefu wa irabu za Kiurali na lugha isiyo ya ukoo wao, nami nimechagua Kiha chetu. Nahitaji sauti ya mtu mzima asiyechanganya na Kiswahili. Hakuna anayetamka kama mama. Naambatanisha maneno ya kumsomesha. Hapa nitasema ni bibi mmoja wa jirani.

Mdogo wako,
Longinus


Kasulu,
27 Machi 1976

Longinus,

Marahaba. Sisi wazima, na bibi mmoja wa jirani naye mzima.

Kumbe mdomo wako una bahati! Unamzika mtu Desemba, na Machi unamwomba sauti. Wewe ni mtoto uliyebebwa mgongoni na mwanamke huyu kutoka Nyakitonto hadi zahanati, una surua, mvua inapiga, akipiga magoti njiani kila penye mtu mzima kwa sababu hata mwenye mgonjwa hapiti bila kusalimu. Leo asubuhi na jioni anawatajia majirani kwamba mwanawe yuko na walimu wakubwa. Nawe umewaambia walimu hao kwamba analiwa na mchwa.

Usiniambie ni maneno tu. Mtu anayepima maneno kwa mashine asinifundishe kwamba maneno hayana uzito.

Nakupa sharti moja. Nenda kwa profesa, umwambie kwa kinywa chako kile kile: mama yangu yu hai. Ukifanya hivyo nitaizika hasira yangu na mama hatajua kitu. Usipofanya, kisasi ni haki, nami nitakilipa kwa namna yangu. Unanijua tangu utotoni.

Dada yako,
Valeria


Helsinki,
20 Aprili 1976

Dada Valeria,

Shikamoo. Natumaini hasira imepoa kidogo. Mimi mzima.

Nimekusikia, na sikatai. Ila fikiria. Tarehe ishirini na saba Mei, saa nane mchana, nasimama mbele ya maprofesa wote wa idara. Wakinikubali, nabaki hapa kwa shahada ya juu. Nikikiri sasa wataona mwongo kabla hawajaona kazi. Acha nipite kwanza, baada ya hapo nitasema yote. Naapa.

Ile kaseti bado sijaipata. Tafadhali fanya haraka, bila sauti ya Kiha kazi yangu ina kilema. Na msamehe mdogo wako.

Longinus


Kasulu,
2 Mei 1976

Mdogo wangu mpendwa,

Tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nimefurahi kusikia siku yako imekaribia.

Kaseti hii hapa. Niliazima redio kaseti kwa Hilali mwenye duka la vitambaa, nikapanda nayo basi hadi Kibondo nimeipakata. Mama alioga, akavaa kitenge cha kanisani, ndipo akakubali kukisogelea kinasa sauti. Amesoma maneno yako yote nyuma yangu, polepole, fupi na ndefu, bila kukosea. Hutapata sauti safi kuliko hiyo.

Nakutakia unachostahili.

Dada yako,
Valeria


Helsinki,
29 Mei 1976

Valeria,

Sina salamu leo.

Kaseti ilifika siku mbili kabla. Nikasikiliza maneno, nikayapima, nikaridhika, nikaifunga. Nilidhani yameishia pale.

Ukumbi ulijaa. Nilizungumza vizuri sana, dada, sijawahi kuzungumza vile. Wakapiga makofi nilipoonyesha kwamba urefu wa tatu wa Kiestonia hauna mwenzake katika Kiha. Kisha nikawachezea maneno. Yalipokwisha nikanyoosha mkono kuzima, profesa akasema, "Acha iendelee, tusikie anavyozungumza mwenyewe."

Mama akaanza kwa salamu yetu ya Kiha. "Mwidiwe, walimu wa mwanangu." Akapiga makofi yake yale ya kuamkia wakubwa, kisha akanyamaza, anasubiri waitike. Mashine inazunguka, ukumbi kimya. Akaendelea: mwidiwe mliomlisha. Akanyamaza, akasubiri tena. Mwidiwe mliomvika asife kwa baridi. Akasubiri. Mimi nimesimama pale kama kigingi.

Ndipo nyuma ya ukumbi mtu akapiga makofi na kuitika kwa Kiha. Alikuwa Bi Esteria. Alipiga goti pale chini, mzungu mzee yule, na kila mama aliposalimu, yeye akaitika. Mama akasema, "Mimi ni Adija, mamaye Longini. Niko mzima. Mnitunzie mtoto, na Mungu awatunzie wenu." Bi Esteria akawatafsiria huku analia.

Profesa akavua miwani. Akaniuliza, "Huyu ndiye tuliyemsimamia?" Akakusanya karatasi zake akatoka, na wengine wakamfuata.

Jana wamenipa barua. Kazi yangu hawatakaa kuijadili tena, na nafasi yangu imefutwa. Narudi nyumbani Julai.

Nani alimwambia Bi Esteria siku na saa? Umeniua, Valeria. Una roho ya namna gani? Ninakuomba jambo moja tu, mama asijue.

Longinus


Kasulu,
24 Juni 1976

Longinus,

Mimi nakusalimu, ingawa wewe hukunisalimu. Nina afya.

Nilimwambia mimi. Siku na saa, kama ulivyoniandikia. Niliisoma barua yako mara nyingi jikoni, na nilicheka, sikufichi. Nilicheka mpaka sufuria ya ugali ikaungua. Dawa ya moto ni moto. Umeniuliza nina roho gani: ni hiyo hiyo uliyonayo, tumenyonya ziwa moja.

Mama hakujua kitu aliposema kwenye kile kinasa sauti. Nilimwambia tu kwamba walimu wako wangependa salamu. Yale yote yalitoka kwake.

Jumamosi nilikwenda Kibondo. Kabla sijatua mzigo akaniuliza, "Walimu waliitika?" Nikamwambia aliitika Esteria. Akafurahi sana, akamwombea. Kisha akauliza, "Na Longini? Alikuwepo? Aliitika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Lakini nilikuwa bado nina njaa ya kukuumiza, nikamwambia yote: kitambaa cheusi, watu kusimama kimya, na wewe kusimama pale kama kigingi. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu.

Hakulia. Aliniuliza, "Kumbe wewe ulijua? Ulinivalisha kitenge, ukanipigisha makofi mbele ya watu walionisimamia matanga, na ulijua?"

Nikautua mzigo, nikaingia jikoni.

Asubuhi nilipiga goti nikamwamkia. Hakuitika. Nikarudia, nikapiga makofi, nikasubiri. Akachukua jembe akapita pembeni yangu kwenda shamba. Nimerudi tena wiki hii, nayo ikawa hivyo hivyo. Anaitikia hata walevi wa sokoni, ila mimi haniitikii.

Sikuombi msamaha, wala wako sijautoa. Nilichokufanyia ningekufanyia tena kesho. Lakini siwezi kupiga goti lile peke yangu. Ukifika Kasulu usitangulie kwenda Kibondo. Njoo kwangu kwanza, twende wote wawili, tumwamkie.

Basi linaondoka Jumanne na Ijumaa.

Dada yako,
Valeria