Kadi ya Sauti, Hedifoni, na Mama Mkwe Aliyerudi Nyaramba

Mpendwa Mama Mshauri,

Shika kikombe chako vizuri kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu mambo niliyo nayo si madogo, na anayekuandikia ni Omwenga wa Kebirigo, yule wa vinyago vya mawe ya Tabaka, mwenye stoo pale sokoni, kama hujanisikia basi pengine habari hazipandi huko mjini kwenu, maana mimi niliwahi kuchonga kiboko ya jiwe nikaiweka kando ya mto ikauke na ng'ombe wa kijiji kizima wakakataa kunywa maji mpaka nikaitwa kuja kuiondoa kwa mikono yangu. Shule niliachia darasa la sita, lakini kichwa haikuacha.

Sasa sikiliza. Mzungu mmoja mnunuzi wa vinyago alipokuwa anarudi kwao aliniachia kompyuta, nzima, na kioo chake na kibao chake cha kuandikia, na ndani yake kuna mchezo, Mama, mchezo! Wewe ni askari, uko peke yako ndani ya mapango, mazimwi yanatoka kila pembe, na huna ndugu isipokuwa bunduki yako! Siku ya kwanza nilicheza ugali ikapoa, chai ikapoa, na miguu yangu nayo ikapoa. Katika Kebirigo yote hakuna mtu wa kunishinda isipokuwa Obiero wa posta, mtu wa kutoka ziwani, ambaye naye ana kompyuta, na hanishindi kwa mkono, ananishinda kwa masikio. Ananiambia, "Omwenga, mimi zimwi likiwa nyuma yangu nalisikia likikanyaga. Wewe unalisikia likishakula." Halafu anacheka mpaka barua za watu zinaanguka.

Maana ndani ya kompyuta kuna kibao fulani kinaitwa kadi ya sauti, hiyo ndiyo inatoa mlio, na yangu ni kuukuu, inalia kama vitunguu kwa mafuta, sikio la kulia halipati kitu mpaka upandishe sauti hadi mwisho kabisa. Na mimi natumia hedifoni, zile kubwa za kufunika sikio lote kama bakuli, na nilizivaa kwa heshima, Mama, naomba hapo unielewe. Mama mkwe wangu, Mokeira, alipasuliwa jicho Kisii, akaja kwetu ili bibi yangu Kwamboka awe akimtia dawa ya matone, na kwa vile hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe wake, tukamtayarishia nyumba ya jikoni, hapo tu karibu na dirisha langu. Nikasema, mimi mkwe wa maana sitampigia mgonjwa milio ya bunduki, nitavaa hedifoni. Unaona nia yangu ilivyokuwa safi?

Basi mchana mmoja mvua imenyesha imekatika, kumetulia, nimefika pango la mwisho ambalo hata Obiero alilifikia akitetemeka, nimeua mazimwi mpaka bunduki imekuwa moto kwenye kioo, nabakiza mlango mmoja tu niwe mfalme, na zimwi moja likanitokea kwa nyuma likanimaliza. Sikulisikia! Mama, nililitukana. Nilitukana zimwi, nikatukana aliyelizaa, nikataja viungo ambavyo daktari pekee ndiye anavitaja, tena kwa Ekegusii safi isiyo na maji. Na kwa vile masikio yangu yamefunikwa na sauti iko juu, mimi nilidhani nasema moyoni.

Kwamboka akaingia akaning'oa hedifoni kichwani.

"Baba Andrew! Unajua unasema nini?"

"Nasema nini na nimenyamaza?"

"Umenyamaza? Wachuma chai wa ng'ambo ya mto wote wamesimama!"

Kutoka nje, mama mkwe ameshajifunga leso, kitambaa cha dawa jichoni, anaelekea barabarani. Kwamboka akamkimbilia, "Mama, ni mashine tu, alikuwa anatukana mashine!" Naye akajibu bila kugeuza uso upande wangu, "Najua ni mashine. Lakini mdomo si wa mashine." Akaenda zake kwao Nyaramba na jicho lile, na Kwamboka akamfuata na chupa ya matone.

Kwetu hiyo inaitwa chinsoni, ile heshima kwamba maneno ya mwili hayapiti kati ya mtu na mama mkwe, na yakipita hakuna ufagio wa kuyakusanya. Kwamboka ametuma neno: "Hakuna kitu itaingia kwa hiyo kompyuta, hata msumari, mpaka mama arudi hapo kwako." Na kweli mama anatakiwa kurudi kliniki Kisii kufunguliwa jicho, na kutoka Nyaramba ni mbali kwa mtu asiyeona njia. Nilimwendea Obadiah, ambaye ndiye alikuwa esigani wangu, yaani mpeleka maneno wakati naoa. Akaniambia, "Omwenga, nilikusemea uoe. Sikuahidi kukusemea utukane." Akaendelea kumenya ndizi.

Lakini mimi nimegundua dawa! Ugonjwa wote huu umeletwa na kadi! Kama sauti ingekuwa nzuri nisingepandisha, nisingepandisha ningejisikia, tena ningelisikia zimwi likija, nisingekufa, na asiyekufa anatukana nini? Nikashuka Kisii mjini kwa Subhash, muuza vyombo vya umeme, ana kadi mbili tu. Subhash akanishikisha ile ndefu. "Omwenga rafiki, hii ni dume! Ina nguvu zake yenyewe, inasukuma spika mpaka madirisha yatikisike!" Binti yake Lalita akadakia, "Baba, usimfungie mzee taa ya lori kwenye baiskeli. Mzee, chukua hii fupi. Hii inakuletea sauti mbele na nyuma ndani ya hedifoni." Subhash akasema fupi ni ya watoto. Lalita akasema ndefu ni ya harusi. Nikawaacha wakipigana kwa lugha yao.

Moyo wangu unapenda dume. Masikio yangu yanapenda fupi. Nichukue ipi, Mama Mshauri? Jibu upesi, kidole kinawasha!

Mimi,
Omwenga, Kebirigo

* * *

Ndugu Omwenga,

Kikombe nimekishika, na hata hivyo chai imemwagika. Umenichekesha, nakiri. Kisha nikafika pale mama mgonjwa anapoondoka na jicho limefungwa, na wewe unashuka mjini kutazama kadi. Hapo nimeacha kucheka.

Hata hivyo nianze na unachokiuliza, maana najua hutasikia lingine mpaka kidole kipoe. Chukua fupi. Lalita amekuambia kweli. Nguvu za ile ndefu ni za kusukuma spika kubwa, na ukizipeleka kwenye hedifoni utasikia mvumo hata zimwi likiwa limelala. Wewe huhitaji nguvu, unahitaji kujua adui yuko upande gani. Lakini usinunue kwa macho. Fungua kompyuta yako kwanza uone kama ina nafasi ya kuchomekea, nyeupe fupi, iliyo wazi, kwa sababu kadi hiyo haiingii kwenye zile ndefu nyeusi. Nenda dukani na hedifoni zako mwenyewe, mwombe Lalita aichomeke kwenye mashine yao, ufumbe macho, umwambie anakotoka adui. Ukikosea, rudi nyumbani mikono mitupu. Na uulize kama mchezo wako unaitambua, la sivyo hizo hatua za nyuma hutazisikia kamwe, na Obiero ataendelea kuangusha barua.

Umepoa? Sasa kaa chini.

Unasema kadi ndiyo iliyotukana. Omwenga, nyinyi watu wa mawe mnajua vizuri kwamba patasi haichongi peke yake. Mama mkwe wako alilijua hilo kabla yako, tena kwa jicho moja. Hakukasirika kwa kutojua mchezo. Aliujua, na bado maneno yalikuwa yamekwisha kuingia masikioni mwake kutoka kinywa cha mume wa mwanawe. Kama angebaki, wewe ungefanya nini? Ungemsalimia vipi asubuhi?

Nia yako ya kuvaa hedifoni ilikuwa njema, hiyo sikunyang'anyi. Ila ulizuia mlio wa bunduki usimfikie, ukasahau kwamba wewe ndiye mlio mkubwa kuliko yote katika nyumba hiyo.

Rudi kwa Obadiah. Hakukukataa wewe, alikataa hadithi uliyokwenda nayo. Nina hakika ulimweleza habari za pango, na mlango wa mwisho, na vitunguu kwenye mafuta. Safari hii usitaje zimwi. Usitaje kadi. Mwambie hivi tu: "Nimekosa, na mdomo ni wangu." Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi kuliko kuchonga kiboko, lakini nyamaza. Ataacha ndizi, atakwenda Nyaramba, kwa sababu mtu aliyekusimamia ukioa hapendi kuona nyumba aliyoijenga kwa maneno ikibomoka kwa maneno.

Wewe usiende. Usijitokeze mbele ya mama kumweleza, utaharibu yaliyobaki. Kazi yako ni kuhamisha hiyo kompyuta leo, kabla Obadiah hajafika kwao, uipeleke kwenye stoo yako ya vinyago sokoni. Viboko wa mawe hawana mama mkwe. Obadiah aweze kusema kwamba pale dirishani hakuna kitu tena, na iwe kweli.

Mama akikubali kurudi, mtafutie gari la kumfikisha kliniki asitembee, Kwamboka amshike mkono, na wewe utangulie na gari lingine kama heshima yenu inavyotaka. Jicho lifunguliwe kwanza. Daktari akisema linaona, ndipo uruhusiwe kwenda kwa Subhash. Si kabla.

Na ukifika huko, omba na maiki ndogo. Hili Lalita hakukuambia kwa sababu hakujua unavyopiga kelele. Kadi hiyo ina tundu la maiki, na mkiiwasha kwenye kompyuta, mdomo wako utaingia ndani ya hedifoni pamoja na mazimwi. Ukinong'ona utajisikia. Ukipayuka utaruka kwenye kiti. Hutadhani tena unasema moyoni.

Ijaribu pale pale dukani, kabla ya mchezo wowote. Na neno la kwanza utakalolisema kwenye hiyo maiki, Omwenga, liwe neno ambalo Mokeira angeweza kulisikia akiwa jikoni kwenu, amekaa, anakunywa uji wake, na asiinuke.

Mama Mshauri