Paa la L'Esterre

L'Esterre,
Carriacou,
9 Februari

Mpendwa binamu Verlyn,

Salamu nyingi kutoka kwenye jua. Hujambo? Na baridi ya Huddersfield, bado inakutafuna masikio? Huku tunapumua.

Kwanza ujue kwamba mwenye bahati kisiwa kizima ni mimi. Kimbunga kiliyaona mabati yetu kikapiga kona. Birika la kukingia mvua ya paa limejaa hadi mdomoni, chura anaogelea kama tajiri. Watu wanaojidai wamesoma wanakuja kuniomba maji, nami nawapa, moyo wangu unaujua.

Umeuliza kama umchukue mama yako kabla kiangazi hakijakaza. Ya nini, bwana?

Wa kuhurumiwa ni jirani Alford. Paa lake liliokotwa baharini. Mvua ya Novemba ilipiga wiki nzima, naye amesimama na sufuria na beseni, akiitazama inavyokimbilia pwani. Nyumba isiyo na paa, mvua huipita kama mgeni asiyekujua.

Mama yako amepanda mbaazi na mahindi ya karamu ya kusimamisha jiwe la kaburi la baba yako. Ameapa jiwe halisimami kaburini kwa chakula cha dukani. Anaoga ndani ya beseni, kisha maji yale anayapeleka shambani kikombe kwa kikombe.

Nikamwambia, "Shangazi, na wewe unakunywa lini?"

"Mimi nimekunywa miaka themanini. Mbaazi hazijanywa. Sogea huko, mdomo mrefu, usinikanyagie!"

Jumamosi nilimkuta ameanguka kati ya matuta, midomo imepasuka kama udongo. Kikombe amekishika wima, hakijamwagika hata tone. Nikamnyanyua, nikamsihi anywe. Akayamwaga maji chini, kama tunavyowalowanishia wafu wetu ardhi. "Kunywa, Wilfred," akamwambia baba yako. "Sisi tutajitafutia."

Nilimtania kidogo, halafu nikaenda nyuma ya nyumba asinione.

Nisalimie mumeo na mwanao Janelle, mwambie mjomba wake bado mzuri. Mungu awafunike, mkono wake usivuje.

Verlyn, Alford analala pakavu. Paa lililookotwa baharini ni letu. Birika halina kitu, na chura alikufa. Nimekudanganya. Njoo umchukue mama.

Ndimi nikupendaye, domo na yote,
Osbert