Kompyuta Isiyo na Saa

Jumatatu, 3 Mei 2004

Nimekasirika sana, ndiyo maana mwandiko wa leo ni mbaya.

Kompyuta imegoma tena kuzimika. Mwalimu Manase aliweka CD ya kwaya ya kigango ili tujifunze kutumia programu ya muziki. Kufungua tukaweza. Kufunga ndiyo kazi! Unapeleka mshale kwenye ule msalaba mdogo juu ya dirisha lake dogo, unabonyeza, dirisha linaondoka — na kwaya inaendelea kuimba. Kwenye skrini hakuna kitu. Sauti tu, kana kwamba akina mama wa kwaya wamejificha ndani ya meza. Darasa zima likacheka. Mwalimu akachomoa waya wa spika, akasema basi, imefungwa. Imefungwa wapi? Imezibwa mdomo tu.

Tulipotaka kuzima, mashine ikasema kuna programu bado inafanya kazi. Ipi? Hatuioni. Tukangoja. Saa nane kamili Mzee Alute, mlinzi wetu, akazima jenereta kama anavyozima kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Dizeli ya shule ni ya saa mbili, na yeye hamsubiri mtu. Kompyuta ikakatika hivyo hivyo. Keshokutwa itaamka na ule ukurasa wa bluu, ijikague dakika ishirini. Dakika ishirini! Na sisi tuko arobaini kwa kompyuta moja.

Mimi ni msimamizi wa kompyuta upande wa wasichana. Ufunguo wa chumba ninao mimi (zamani kilikuwa stoo ya majembe, bado kinanuka kutu). Likizo ya Juni kila shule itapeleka msichana mmoja na mvulana mmoja Singida mjini, wiki mbili, kusomea kompyuta. Mkuu wa shule, Mwalimu Gaspari, ameshaandika jina langu kwenye orodha. Kwa penseli, lakini ameandika. Nimeliona kwa macho yangu.

Nataka kwenda kuliko kitu chochote. Sijamwambia mtu. Naandika hapa tu.

Jumatano, 5 Mei 2004

Wenzangu wako bwaloni, mimi niko kitandani na daftari hili.

Mwalimu Manase alikuwa amekwisha kuchapa mtihani wa jiografia wa kidato cha pili, kurasa tatu, huku kwaya inaimba (CD imebaki ndani, na programu inajianzisha yenyewe mashine ikiwaka). Alipomaliza akataka kunyamazisha kwaya. Msalaba mdogo — haisikii. Akaniambia nibonyeze Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Nikabonyeza. Ikatokea orodha, na jina la programu ya muziki limo! Nilikuwa nasoma maelezo ya chini yake nijue la kufanya. Yeye akasema nibonyeze tena, mara ya pili, ndivyo alivyofundishwa kwenye kozi yake Dodoma.

Nikauliza kwa adabu: "Mwalimu, ule mtihani umeuhifadhi?"

"Eliana, nani mwalimu hapa?"

Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, mashine ikajiwasha upya. Mtihani umekwenda. Wote. Hata jina la shule.

Nilidhani atasema tumekosea. Akaenda ofisini peke yake, na aliporudi alikuwa na Mkuu. Mkuu akasema amesikia kuwa nabonyezabonyeza vitu bila kuagizwa. Nikamtazama Mwalimu Manase. Alikuwa anatazama dirishani. Dirishani kuna nini? Vichaka tu mpaka relini.

Mkuu amechukua ufunguo, amempa Theodora. Nisionekane kwenye chumba kile mpaka nitakapoambiwa. Na wiki nzima nachota maji ya kumwagilia miche.

Penseli ina kifutio. Hilo ndilo ninaloliwaza.

Alhamisi, 6 Mei 2004

Ndoo kumi na mbili. Kisima kimeshuka, kamba inachubua.

Theodora, ninayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, ameniambia kuwa hakuomba ule ufunguo. Nikamjibu kuwa hata mimi sikuomba ndoo. Amegeukia ukutani. Jibu langu lilikuwa baya. Lakini bado nina hasira, siwezi kusema samahani kwa hasira.

Ijumaa, 7 Mei 2004

Nimemwomba Theodora msamaha. Akasema nitoke hapa na msamaha wangu, nimwambie anifanyie nini.

Nikamwambia: ndani ya ile programu kuna sehemu imeandikwa Help. Nakili yanayohusu kufunga. Amenakili leo, ukurasa mzima, kwa Kiingereza, akijifanya anaandika notisi za Mwalimu. Jioni nikakaa na kamusi. Imenichukua mpaka kengele ya chakula.

Inasema hivi, kwa maneno yangu: ukibonyeza msalaba, programu haifi. Inajificha. Inabaki picha ndogo chini upande wa kulia, kando ya saa. Uiguse picha hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Exit.

Kando ya saa!

Theodora akasema kompyuta yetu haina saa. Kweli, sijawahi kuiona saa. Alikuwa ameshamuuliza Mwalimu Manase palepale, mwenye akili huyu. Mwalimu alimjibu kuwa kompyuta za namna hii hazina saa, zenye saa ni zile mpya za maofisini.

Basi kitabu cha maelezo ni cha kompyuta nyingine? Au Mwalimu hajui? Kama hajui si aseme! Mama yangu kule Mitundu hakufika darasa la nne, na akiulizwa asilolijua anasema hajui, na hakuna aliyemcheka.

Jumamosi, 8 Mei 2004

NIMEJUA.

Maji ya leo yalikuwa ya bustani ya Mkuu, nyumbani kwake. Mama Loyce, mke wake, alinipa uji, nikakaa barazani karibu na mlango. Mama Loyce ni fundi wa kufuma. Kila kitu mle ndani kimevaa kitambaa: viti, meza, birika, kabati, redio. Mkuu akaja kutafuta taarifa ya habari. Akainua kitambaa cha redio kwa kidole kimoja, akachungulia namba za stesheni, akazungusha, akaachia kitambaa kikashuka. Hakufikiri hata kidogo. Ni mazoea.

Nikaweka uji chini.

Kompyuta yetu nayo imevaa! Mama Loyce aliifumia kitambaa siku ya uzinduzi, cheupe, chenye ua kubwa la njano. Upande wa kushoto kimefungwa na utepe kama pazia, maana Mwalimu Manase aliomba neno Start lionekane. Upande wa kulia kinaning'inia mpaka chini na lile ua linafunika kona ya skrini. Kimebandikwa kwa gundi ya karatasi kisidondoke jenereta inapotikisa meza. Miezi mitatu hakuna aliyekigusa. Nani aguse kitambaa cha mke wa Mkuu?

Kwenye redio wanachungulia. Kwenye kompyuta hakuna aliyethubutu kuchungulia.

Nilitaka kumwambia Mama Loyce palepale. Alikuwa ananiongezea sukari. Nikashindwa.

Jumatatu, 10 Mei 2004

Nimevunja amri na sijutii.

Leo, jenereta ilipowaka, Mwalimu Manase alimwachia Theodora chumba akaenda kwenye kikao. Kwaya ilikuwa inaimba tangu mwanzo. Theodora akanifuata kisimani. Nikaweka ndoo chini.

Niliinua lile ua taratibu sana. Gundi ilikuwa imeshika uzi. Nikavuta kidogo tu — petali moja ikafumuka, uzi ukaja mrefu kama tambi. Theodora akashika mdomo. Lakini saa ilikuwepo! Tena inatembea! Inasema saa nyingine kabisa, lakini ni saa, na kando yake picha ndogo ya programu, imekuwa ikijikunyata hapo tangu Februari. Kitufe cha kulia. Exit.

Kwaya ikakatika katikati ya neno.

Nikabonyeza mlango wa CD, ukafunguka wenyewe, bila msumari ambao Mwalimu huuchokonolea mlango ukigoma. Tukazima: imezimika kabla ya dakika moja, vizuri, kwa amani. Mzee Alute bado alikuwa anakunywa chai yake. Theodora akaniinua juu kama mtoto, na mimi ni mrefu kumpita.

Kisha nikaenda mwenyewe kwa Mwalimu Manase. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote: kitambaa, saa, picha, petali. Sikuongeza neno la kumkosea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, ameelewa, nirudi kwenye maji.

Huenda akasema kwa Mkuu. Nadhani atasema. Uso wake haukuwa mbaya.

Jumanne, 11 Mei 2004

Alisema!

Alisema kuwa AMEITENGENEZA YEYE. Paredi ya asubuhi, mbele ya shule nzima, Mkuu akampongeza Mwalimu Manase kwa kutatua tatizo la kompyuta kwa utaalamu wake, tena kabla mgeni hajafika. Maana kesho anakuja mgeni wa elimu kutoka Singida, kukagua na kuchukua orodha ya majina. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, ningefanyaje, Mkuu alikuwa ananitazama.

Halafu akauliza ni nani aliyeharibu kitambaa cha Mama.

Theodora akaanza kunyanyua mkono, nikamkanyaga mguu, nikanyanyua wangu. Nikasema ni mimi, na nikaanza kusema sababu. Akanikatiza. Eti nimeingia nilikokatazwa, nimeharibu zawadi, sasa naleta hadithi.

"Mwalimu Manase anajua," nikasema. "Nilimweleza."

Mkuu akamgeukia. Mwalimu akasema ni kweli nilimfuata na maneno mengi kuhusu kitambaa, lakini kitambaa ni kitambaa na kompyuta ni kompyuta.

Watu wakacheka. Theodora hakucheka.

Jioni Theodora alipeleka madaftari ofisini akaiona orodha. Jina langu limefutwa, alama ya kifutio bado ipo. Juu yake limeandikwa la kwake. Ameniambia yeye mwenyewe, huku analia, na mimi ndiye niliyembembeleza. Nilitaka nimchukie nikashindwa. Hata hilo limenikasirisha!

Mama Loyce ameshafuma petali mpya. Safari hii amekishona kitambaa kwa uzi unaopita nyuma ya skrini, pande zote mbili za chini, kisisogee. Ameacha neno Start tu.

Jumatano, 12 Mei 2004

Naandika nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kompyuta. Ni saa saba na nusu. Nimeambiwa ningoje hapa.

Mgeni amefika saa sita. Ni mama wa makamo, ana miwani na mkoba mweusi. Anaondoka na basi la saa tisa na orodha. Nilikuwa kisimani Theodora alipokuja anakimbia: Mkuu ananiita, haraka.

Ndani wapo Mkuu, mgeni, Mwalimu Manase na Mama Loyce, ambaye ameletwa ili mgeni aione kazi ya mikono yake. Mwalimu alimwonyesha mgeni programu ya muziki. Kufungua, safi. Kwaya ikaimba. Mgeni akasema vizuri, sasa naomba uizime tuzungumze. Hapo ndipo.

Amebonyeza msalaba. Amechomoa spika, mgeni akamwambia airudishe, anataka kuona inavyofungwa. Theodora amenisimulia yote tukikimbia; sasa nasikia mwenyewe kutoka hapa, dirisha liko wazi. Theodora aliulizwa kama anaweza. Akasema anayeweza ni Eliana. Eti kwa sauti kubwa, mtu mpole yule!

Mwalimu Manase akatoka. Akainama karibu na sikio langu, akaninong'oneza niingie nifunge kile kitu, lakini nisikiguse kitambaa.

"Mwalimu," nikasema, "picha iko nyuma ya kitambaa. Bila kukigusa siwezi."

"Jaribu."

"Mwalimu, nilishajaribu miezi mitatu."

Sikupandisha sauti. Mwalimu akafuta jasho, akasema basi ningoje, akarudi ndani. Wimbo umeisha, umeanza tena. Sasa ni mara ya nne. Namwona Mzee Alute ameinuka kwenye kigoda chake, anatazama jua.

Mama Loyce ametoka. Nikasimama, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi, akaniambia na mimi nikae. Akauliza kama ni kweli niliyoyasema jana paredi. Nikamwambia ndiyo, mama.

"Nyuma ya ua langu kuna nini?"

"Kuna saa, mama. Na pembeni ya saa ndipo panapozimiwa."

Akasema Baba Loyce huwa anachungulia redio kila siku na hajawahi kulalamika. Nikasema ndiyo, nilimwona. Akauliza kwa nini sikumwambia siku ile nilipokuwa nakunywa uji wake. Nikamwambia niliogopa. Akasema mm. Akainuka, akaelekea nyumbani kwake, ni hatua chache tu, sijui kwa hasira au kwa nini.

Ndani mgeni anamuuliza Mkuu orodha imeandikwa na nani na kwa vigezo gani. Sisikii jibu, kwaya imefika kwenye kiitikio.

Mwalimu Manase ananiita tena kutoka mlangoni. Na Mama Loyce anarudi kule, anatembea haraka, khanga imemtoka begani. Ameshika mkasi. Amefika. Anamwambia Mwalimu apishe njia, na mimi ananiambia niweke daftari chini, twende tukalikate ua tuione hiyo sa—